Kituo cha Mahujaji cha Jeddah: Tathmini ya Jengo Lililotegemea Kivuli

Majengo mengi ya abiria huizuia hali ya hewa mlangoni: vioo kila upande, viyoyozi usiku na mchana, na msafiri asijue kama nje ni jangwa au theluji. Kituo cha Mahujaji katika Uwanja wa Ndege wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, kilichoanza kutumika mwaka 1981, kilifuata njia nyingine, na kwa maoni yangu bado hakijapata mpinzani.

Haja haikuwa ukumbi wa kupita tu. Mahujaji humiminika kwa majuma machache, kisha husubiri saa nyingi pasi zikaguliwe, mizigo ipatikane na mabasi ya Makka au Madina yafike. Kupoza kwa mashine eneo kubwa kiasi hicho, ambalo muda mwingi wa mwaka lingebaki tupu, kungekuwa israfu. Kwa hiyo msanifu Gordon Bunshaft na mhandisi Fazlur Khan, wote wa kampuni ya usanifu ya SOM ya Marekani, walitandaza kivuli: mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, kila moja likifunika mraba wa mita 45 kwa 45, yakining'inia kwa nyaya kutoka kwenye nguzo za chuma.

Ukiinua macho ukiwa katikati ya hema ndipo unapouelewa ustadi wenyewe. Kitambaa kinapanda kwa mbinuko hadi kwenye pete ya chuma iliyoachwa wazi kileleni. Hewa ya moto hutokea hapo, na nyingine huingia kupitia pande zisizo na kuta. Kwa kuwa kitambaa hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua na kupitisha kiasi kidogo tu, mchana mtu husoma msahafu bila taa wala kukunja uso.

Kasoro zipo. Kivuli hakikaushi unyevu wa Bahari ya Shamu, na Hija, inayofuata mwezi mwandamo, inapoangukia kiangazi, upepo ukitulia ihramu hunata mwilini. Tena mahema yote yamefanana, hivyo mzee aliyekwenda kutawadha hawezi kuutambua upande wa wenzake kwa kutazama paa. Itambidi atafute bendera ya msafara au vitambaa vya rangi vilivyofungwa kwenye mabegi. Wasanifu walioipa kila nguzo uzito wake wangeweza kuipa kila sehemu alama yake.

Hata hivyo, Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu ya mwaka 1983 ilistahili. Ninakipa kituo hiki nyota nne kati ya tano. Viongozi wa misafara kutoka kwetu wawawekee wazee nafasi karibu na kingo, ambako upepo huanza kuingia, na kila mmoja awe na mkeka mwepesi ndani ya begi la mkononi.