Windows, Linux na Mac kwenye steshenari yangu: uzoefu wa miaka tisa

Nina steshenari karibu na chuo. Kazi kubwa ni kuprinti na kutoa kopi, kwa hiyo siku yenye wateja nachomekewa flashi hata arobaini, kila moja imetoka kwenye kompyuta nisiyoijua. Mfumo upi ni salama, kwangu ni suala la mtaji.

Nilianza na Windows 7. Fundi aliyeniwekea alizima antivairasi, akaendesha kiprogramu cha kuifanya ionekane imelipiwa, kisha akanionya: "Apdeti usiruhusu, itagoma." Nikamtii. Ule mwaka wa WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu duniani na kudai pesa, 2017, Microsoft walikuwa wametoa kiraka (apdeti ya kuziba tundu) tangu Machi, miezi miwili kabla ya shambulio, na walioumia wengi walikuwa watu wa Windows 7 ambayo haikuwekewa kiraka. Mimi nilikuwa hivyohivyo, ila Mungu alinipitishia mbali.

Miaka miwili baadaye sikupona. Nilishusha programu ya kusanifu kadi, ya kukraki. Asubuhi yake kila faili lilikuwa limeongezewa herufi ngeni mwishoni na halifunguki: kadi za harusi, mitihani ya shule mbili, picha za pasipoti. Kwenye kila folda kulikuwa na ujumbe unaonidai dola 980, au 490 nikiwahi ndani ya saa 72. Sikulipa, na mafaili hayakurudi. Nililia, sioni aibu kusema.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenishauri. "Shangazi, mashine ya kupokelea flashi weka Linux Mint." Hiyo ni aina mojawapo ya Linux, ya bure, na ilikaa vizuri kwenye mashine yangu kuukuu yenye RAM ya GB 4.

Tofauti niliiona wiki ileile. Alikuja binti wa mwaka wa tatu, macho mekundu, flashi yake imebaki na njia ya mkato (shortcut) moja tu, na utafiti wake wote hauonekani. Kwenye Windows ukibofya ile njia ya mkato mafaili yanafunguka kweli, lakini papo hapo kirusi nacho kinaingia kwenye mashine, kisha kinasubiri flashi inayofuata. Nilipoichomeka kwenye Mint, kila kitu kilikuwa wazi: folda moja isiyo na jina kabisa, na ndani yake utafiti wake, sura zote tano. Pembeni, ile njia ya mkato na kifaili cha .vbs, ambacho ndicho kirusi chenyewe. Nikavifuta viwili hivyo, nikamhamishia kazi yake kwenye folda mpya yenye jina lake. Mint haijali alama ya kuficha inayowekwa na Windows, na kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hakina cha kufanya pale. Tangu siku hiyo flashi za wateja zinaanzia hapo.

Lakini msidanganywe kwamba Linux haiumwi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva yake kunachelewa nusu sekunde hivi, akachimba, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika karibu kila Linux. Ilikuwa imeshafika kwenye matoleo ya majaribio. Matoleo mengi ya kawaida yalisalimika kwa sababu aliwahi. Na kero ya kila siku ipo: kazi ya Word yenye majedwali ukiifungua kwa LibreOffice, programu inayoshika nafasi ya Word kwenye Linux, mara nyingi inahama mistari, na mteja hataki kuelezwa.

Ndiyo maana nina Windows 11 pia, safari hii halali. Nilikuwa nawaza kuongeza hela ya antivairasi, ila Defender inayokuja nayo inatosha, mradi usiizime na apdeti uziache ziingie. Kilichonisaidia zaidi ni kumpa kijana wangu wa dukani akaunti ya kawaida, siyo ya msimamizi. Akitaka kuweka programu inadai nenosiri langu, na hapo nauliza imetoka wapi.

Mac nimeitumia kidogo, ya mdogo wangu. Programu isiyotambulika inaizuia kwanza, napenda hilo, ila bei yake kwa duka la kopi hapana, na ikizeeka Apple wanaacha kuipelekea apdeti.

Kinachoniumiza sasa ni mashine ya tatu. Ni ya mtumba, nzima kabisa, ina Windows 10 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na prosesa yake ni ya kizazi cha sita, Windows 11 haiikubali. Wenye maduka wenzangu wengi wana mashine za namna hiyo, na naona bado wanafungulia baruapepe na benki humo humo. Yangu nimeichomoa intaneti, nimeshanakili mafaili kwenye diski ya nje, na Jumapili duka likifungwa naipiga Mint.