EnergyPlus imegomea ukuta wa Lamu, ndooni muone

Salaam wanangu, samahani kwa kelele, huyo ni punda wa jirani amebeba mchanga na hana mpango wa kunyamaza. Leo EnergyPlus. Sielezi sana, mnaijua, programu ya kuhesabu joto na nishati ya majengo, ya serikali ya Marekani, ya bure, ilitoka 2001, mwaka uleule UNESCO walipoingiza mji wetu wa kale kwenye urithi wa dunia, basi nikadhani marika hawa wataelewana. Wapi!

Kuna mvuvi anataka chumba baridi cha samaki ndani ya nyumba ya kale. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nusu mita, kwa ndani tunabandika lile povu gumu la kwenye mlango wa friza, sentimita 20. Nikajaza tabaka zote nikabonyeza, era! Eti CTF, njia yake ya kuhesabu joto linavyopita ukutani, haitulii. Mimi na ujuaji wangu nikafupisha hatua za muda, vile vipande vya saa inavyohesabu kimoja kimoja, si ndio usahihi? Ikazidi kukataa.

Iko hivi, CTF ndiyo hesabu inayokuja nayo yenyewe, na haitazami ndani ya ukuta kabisa, inachukua joto la uso wa nje na uso wa ndani, la sasa hivi na la nyuma, inazidisha na namba zake inakupa jibu. Ukuta mwembamba inakwenda kama jahazi lililopata kusi. Lakini ukuta wetu una kumbukumbu ndefu, jua la adhuhuri utalisikia ndani usiku, na hapo povu bado linalizuia, sasa ukikatakata muda vipande vidogo historia hiyo inakuwa vipande vingi mno, namba zinayumba.

Haya tazameni kioo. Natoa CTF, naweka CondFD, njia ya pili iliyomo humohumo. Hii inakata ukuta kama halua, kila kipande kina nodi yake, yaani nukta ya kuhesabia, na joto lake, kinaulizana na jirani tu. Hatua 20 kwa saa, yaani dakika 3 kila moja, usiende chini ya 20. Sasa fuata mstari wa joto: jiwe, jiwe, linashuka polepole... tunaingia kwenye povu, tap! limeporomoka. Narudisha tena. Tap! Jana nimeicheza hii hadi mke wangu akauliza ni mpira gani huo.

Uzito sasa: mwaka una saa 8,760, mara 20 ni hatua 175,200, laptopu inachemka kama birika. Unaweza kuupa ukuta mmoja tu CondFD na kuta nyingine zikabaki CTF, lakini zile hatua 20 zinakamata nyumba nzima, na CTF haipendi hatua fupi, tumeshaona, kwa hivyo kuta nyingine zisiwe nzito pia.

Mnaniuliza sana programu za kulipia. DesignBuilder ndani yake ni EnergyPlus hiyohiyo, unalipia raha ya kuchora, na si raha ndogo, mimi mwenyewe ningekuwa nazo ningelipa. Maiki kwanza lakini, punda ameshinda.

Ila tusidanganyane, hesabu zote mbili hizi hazijui unyevu, na chokaa ya pwani inakunywa hewa ya bahari kutwa. Ipo njia ya tatu humohumo, HAMT, inabeba joto na unyevu pamoja, nitaifungulia video yake. Faili naweka hapo chini, unene wa povu badilisheni wenyewe, huo wa kwangu mteja bado anabishana bei.