Mkanda wa mshazari wa kamera: uzoefu wangu tangu skrubu ilipoachia

Kamera yangu ilianguka miezi saba baada ya kuanza kutumia mkanda wa mshazari, ule unaovaliwa bega la kushoto ukakatisha kifua, kamera ikaning'inia kwenye nyonga ya kulia. Mkanda haukukatika. Mshono haukufumuka. Kilichoachia ni skrubu iliyoshika kitako cha kamera, na tangu siku hiyo mtu akiniuliza mkanda gani ni mzuri, namwonyesha kwanza mahali unaposhikana na kamera. Mengine tunayazungumza baadaye.

Napiga picha za harusi na sherehe, kwa hiyo kamera hukaa mwilini mwangu saa nane, wakati mwingine kumi. Nilianza na ule mkanda wa shingoni unaokuja na kamera ndani ya boksi. Kwa kamera nyepesi si mbaya. Nilipohamia kamera nzito nikawa narudi nyumbani shingo imekakamaa mpaka kisogoni, na kila nikiinama kamera inatangulia mbele na kugonga kitu. Mkanda wa mshazari uliniondolea adha hiyo siku ya kwanza. Uzito unagawanyika begani na mgongoni, mikono inabaki huru, na ukiitaka kamera unapeleka mkono nyongani, unaikuta, unaipandisha jichoni huku mkanda umetulia begani na kamera ndiyo inayoteleza juu yake. Kwa starehe na wepesi wa kazi, sijaona sababu ya kurudi shingoni.

Mkanda wangu wa kwanza ulikuwa wa kiungo kimoja. Kuna skrubu fupi yenye pete. Unaifunga kwenye tundu la tripodi (kile kisimamio cha miguu mitatu) chini ya kamera, kisha kulabu ya mkanda inashika pete. Mtindo huu unauzwa na kampuni nyingi na una sifa ya kweli: hakuna mkanda mwingine ulionifikishia kamera jichoni haraka namna ile. Inaning'inia kichwa chini, lenzi ikiangalia nyuma kidogo, haikuzuii kutembea.

Siku ilipoanguka nilikuwa nashuka ngazi mbele ya bibi harusi, saa ya nne ya kazi. Nilihisi wepesi nyongani. Nikapeleka mkono nikashika kulabu, na pete yake, na skrubu yake, vyote vizima, bila kamera. Yenyewe ilikuwa imetua vidato vitatu chini yangu, kwa kona ya lenzi. Kikinga mwanga kilivunjika, ukingo wa kufungia filta ukapinda, na pete ya kufokasi ikaanza kukwaruza. Nilimaliza harusi kwa kamera ya akiba, mikono ikinitetemeka.

Fundi aliyeipokea aliitazama, akaitazama skrubu, akaniuliza, "Dada, hii uliikaza lini mara ya mwisho?" Niliikaza siku nilipoinunua. Nilikuwa nimeikaza sana, nikaamini imetosha.

Baadaye nilikaa chini nikapiga hesabu. Skrubu ya tripodi ya kawaida ni ya robo inchi, yenye nyuzi 20 (ile mistari inayoizunguka) kwa kila inchi, maana yake mzunguko mmoja mzima unaisogeza milimita 1.27. Na tundu lenyewe ni fupi. Sony, kwa mfano, huelekeza watumiaji wake wasifunge skrubu yenye urefu wa milimita 5.5 au zaidi. Kwa hiyo uzito wote wa kamera na lenzi unashikwa na mizunguko minne hivi. Sasa fikiria kinachotokea ukitembea. Kamera inayumba na kujizungusha. Ukiipandisha jichoni unaigeuza upande mmoja, ukiishusha unaigeuza upande wa pili. Kulabu ikikwama badala ya kuzunguka kwa uhuru, nguvu ile ya kuzungusha inahamia kwenye skrubu. Haihitaji kulegea yote siku moja. Robo mzunguko leo, robo kesho, na wewe huoni kwa sababu iko chini ya kamera, upande usioutazama.

Sikuutupa mkanda ule. Niliutumia mwaka mwingine mzima, ila kwa masharti. La kwanza ni kamba fupi ya usalama: uzi imara unaotoka kwenye mkanda hadi kwenye kijicho cha pembeni mwa kamera, pale panapofungwa mkanda wa shingoni. Skrubu ikiachia, kamera inadondoka sentimita chache tu na kubaki imening'inia. Mkanda wa kiungo kimoja usio na kamba hii, kwangu, haujakamilika, hata kama umetengenezwa vizuri kiasi gani. La pili ni washa, yaani kipete bapa, ya raba kati ya skrubu na kitako cha kamera, isiyokauka wala kupasuka. La tatu ni alama: nilichora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha, ukipita juu ya skrubu na kuendelea kwenye kitako cha kamera. Mstari ukivunjika, skrubu imezunguka. Nautazama kila ninapobadilisha betri, na ni sekunde moja tu.

Wapo wanaotumia gundi ya skrubu. Kama utaitumia, iwe ile ya bluu, inayofunguka kwa zana za kawaida. Nyekundu hushika kiasi kwamba huhitaji moto kuifungua, na moto na kamera havikai pamoja. Mimi gundi sikuitaka, kwa sababu tundu lilelile nalihitaji kwa tripodi.

Na hapo ndipo mkanda wa skrubu ulipoanza kunichosha. Kila nikitaka tripodi, nafungua. Nikimaliza, nafunga tena, kwa haraka, gizani, na mtu ananiita. Skrubu inayofungwa kwa haraka ndiyo ileile itakayolegea. Tena kwenye kamera ndogo kadhaa tundu limekaa karibu na mlango wa betri, ukiweka skrubu yenye kichwa kipana mlango haufunguki.

Nikahamia mkanda wa viungo viwili, ule ambao kila ncha ina kishikizo chake kinachofyatuka. Unafunga kiuzi chenye kitufe bapa cha duara kwenye kamera, kitufe kinazama ndani ya kishikizo cha mkanda, unasikia "tak". Peak Design, kampuni ya vifaa vya kamera, ndio waliovifanya vitufe hivi vijulikane, na wao hutaja kwamba kimoja kinahimili kilo 90. Namba hiyo ni kubwa kuliko kamera yoyote nitakayobeba, ila uzi ni uzi. Unasuguana na pete ya chuma kila siku, na kijicho cha kamera kikiwa na ukingo mkali unakatika polepole. Ndani ya uzi wa aina hii huwekwa rangi tofauti na ya nje. Ukiiona hiyo rangi inachungulia, uzi umekwisha kazi, ubadilishe siku hiyohiyo. Nimebadilisha vyangu mara mbili.

Mkanda huu wa sasa nimeuvaa miaka mitatu. Ni nailoni laini iliyofumwa kama mkanda wa usalama wa gari, upana kama vidole vitatu, na pedi nyembamba upande mmoja. Wembamba wa pedi ni jambo nililochelewa kulielewa. Dukani pedi nene inavutia, unaibonyeza inarudi, unaona raha itakuwa hapo. Ukivaa saa sita, pedi nene ya raba inanyumbuka kila hatua, kamera inapanda na kushuka kama ndoo kwenye kamba, na huko kurukaruka ndiko kunakochosha bega kuliko uzito wenyewe. Pia inatunza jasho. Upana ndio unaopunguza shinikizo. Mkanda mpana usionyumbuka, unaolala bapa juu ya bega, umenifaa kuliko mto wowote.

Lakini mkanda laini unateleza, na hapa kuna kuchagua. Ukiteleza sana, pedi inahamia mgongoni na bizimu ya chuma inakuja kukaa juu ya mfupa wa bega. Usipoteleza kabisa, unakuvuta nguo. Wangu una mistari ya raba upande mmoja na upande wa pili hauna, kwa hiyo nikitembea umbali mrefu naweka raba ndani, nikiwa kazini naweka upande laini ndani ili mkanda ufuate kamera inapopanda. Wapo wanaopendelea ule wenye kamba ndogo ya kupita chini ya kwapa, inayoizuia pedi isihame. Niliujaribu. Haukuhama hata kidogo, ila kila kuuvaa na kuuvua kulikuwa shughuli, na kwapa lilichubuka siku ya joto.

Wanawake wenzangu niwaambie jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayasemi. Mkanda unaokatisha kifua unatafuta njia katikati ya matiti, au unapanda na kukukaba upande wa shingo. Pedi iliyonyooka ndiyo mbaya zaidi. Tafuta yenye mkunjo, au mkanda usio na pedi ngumu kabisa, ujaribu ukiwa na kamera yako halisi imening'inia, na uinue mikono yote miwili juu kana kwamba unapiga picha juu ya vichwa vya watu. Ukikukaba hapo, utakukaba siku nzima.

Urefu nao. Kamera ikae mahali kiganja chako kinapofika bila kuinama, chini kidogo ya mfupa wa nyonga. Ikishuka zaidi inagonga paja na kingo za meza. Ikipanda zaidi kiwiko hakina nafasi. Bizimu ya kurefusha na kufupisha iwe ya kuvuta kwa mkono mmoja, kwa sababu kwenye msongamano nafupisha mkanda mpaka kamera inakaa chini ya mkono, mbele yangu, nikitoka naurefusha tena. Hiyo pia ndiyo kinga yangu kuu dhidi ya wezi. Mikanda yenye waya wa chuma ndani, isiyokatika kwa kisu, ipo. Niliuazima mmoja nikauona mgumu na mzito, na nilijiuliza sana itakuwaje mtu akiivuta kamera kwa nguvu na mkanda haukatiki na mimi nimo ndani yake. Niliurudisha.

Sasa nirudi kwenye kiungo, maana ndiko nilikotumia muda mwingi. Ukifunga vishikizo vyote viwili kwenye vijicho vya juu vya kamera, kama mkanda wa shingoni, lenzi inatazama nje na kugonga kila anayepita karibu nawe, na mkanda unajisokota. Dawa niliyoipata ni kuhamisha kishikizo kimoja chini. Nimefunga kibamba cha tripodi cha aina ya Arca-Swiss, kile bapa kinachobanwa na kichwa cha tripodi, kwenye kitako cha kamera, chenye tundu dogo la uzi kwenye kona. Kishikizo kimoja kinashika hapo, cha pili kinashika kijicho cha pembeni, upande wa kushoto. Kamera inalala ubavuni, lenzi ikitazama chini. Nikifika kwenye tripodi kibamba kinaingia moja kwa moja, sifungui chochote. Na skrubu ya kibamba hata ikilegea, kishikizo cha pembeni kimeshika kamera yenyewe. Sitaki tena kubeba kamera kwa kitu kimoja.

Kwa lenzi ndefu mpangilio unabadilika. Kamera ya Nikon D850 pamoja na betri na kadi ina uzito wa gramu 1005, na lenzi yake ndefu ya kuvuta picha, ya milimita 70-200 yenye f/2.8, ina kilo moja na nusu hivi. Lenzi ni nzito kuliko kamera. Ukiutundika mzigo huo kwa kamera, lenzi inaning'inia kwa mdomo wa kamera, pale inapofungwa, na kila hatua inapavuta. Lenzi hizi zina mguu wake wa kufungia tripodi. Shika hapo. Hapa narudi kwenye skrubu, na kamba ya usalama inarudi pia, kutoka kwenye mkanda hadi kijicho cha kamera, ili mguu wa lenzi ukiachia kamera isifuate.

Kabla ya kila kazi nafanya jaribio dogo juu ya kitanda. Navuta kila kishikizo kwa nguvu kuliko uzito wa kamera, nakizungusha, nausikiliza ule mlio. Vumbi likiingia kwenye kishikizo kitufe hakizami chote, kinasimama nusu na kuonekana kimeshika. Mara mbili nimekikuta hivyo. Mkanda wenyewe naufua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo kila mwezi, kwa kuwa chumvi ya jasho inaukakamaza na mkanda mkavu unachubua shingo.

Kama kamera yako ni ndogo, gramu mia tano pamoja na lenzi, huenda haya yote huyahitaji. Kamba ya mkononi yenye kifundo cha kukaza itakutosha, na ni nyepesi.

Linalonisumbua hadi leo ni begi la mgongoni. Nikivaa mkanda kwanza, kamba za begi zinaubana na kamera haitelezi. Nikivaa begi kwanza na mkanda juu yake, mkanda unateleza kwenye kamba ya begi na kuelekea kwenye mkono. Kwa sasa, nikiwa na begi, nafyatua mkanda wote na kuutia mfukoni, kamera naitundika kwa vishikizo vidogo viwili nilivyoshonesha kwenye kamba za begi zenyewe, kimoja kila upande, ikakaa kifuani. Ni mwezi wa pili nalijaribu hili, na mshono bado nauangalia kila siku.