TAHADHARI: Kadi feki za "GTX 1050 Ti" Kariakoo, na uongo wa "mashine yako inachemka"

Wakuu, habari za mchana. Kuna kadi za grafiki (zile zinazochora picha za gemu kwenye kompyuta) zinauzwa Kariakoo na kwenye kurasa za Instagram kwa jina la GTX 1050 Ti ya GB 4. Si 1050 Ti. Na utapeli hauishii kwenye kadi: ukirudi kulalamika, muuzaji yuleyule anakuambia mashine yako ya zamani inachemka, anakuuzia feni, pesti ya kupozea na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) juu yake. Mimi ni fundi wa kompyuta, na wanaoniletea mashine hizi wengi ni wanafunzi waliojinyima ili wapate hiyo hela. Inaniuma sana.

Jina hilo hawakuliokota tu. Wengi tunachezea gemu kwenye mashine za mtumba zilizotoka maofisini huko Ulaya, Dell OptiPlex 7010 na za HP za umri huohuo. Ni mashine za mwaka 2012 hivi. Ile 7010 ya mnara ina pawasaplai ya wati 275 na haina waya wa kulisha kadi ya grafiki. GTX 1050 Ti halisi, iliyotoka 2016, inakula wati 75, na sloti ya mazabodi (bodi kuu ya mashine) inaweza kutoa hizo yenyewe. Nyingi unachomeka tu na kucheza. Kwa mwenye mashine ya aina hii ndiyo kadi ya ndoto, na matapeli wanalijua hilo.

Ndani ya hizo feki kuna chipu ya kizazi cha zamani kinachoitwa Fermi, cha kampuni ya NVIDIA, mara nyingi GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya 2011. Mtu ameandika upya BIOS ya kadi (programu ndogo iliyo ndani yake) ili ijitambulishe kwa jina jingine. Windows inasoma jina inaloambiwa, kwa hiyo ukifungua Device Manager unaiona GTX 1050 Ti imeandikwa vizuri kabisa, unaridhika, unalipa. Kumbe kori (sehemu za chipu zinazofanya hesabu za picha) ni 192 badala ya 768, na memori iliyomo mara nyingi ni GB 1. NVIDIA waliacha kutoa draiva (programu inayoiunganisha kadi na Windows) za gemu mpya kwa Fermi tangu Aprili 2018. Ndiyo maana unapewa CD pamoja na kadi na kuonywa usije ukaapdeti draiva. Ukiweka draiva halisi ya 1050 Ti, kompyuta inaganda au inaleta kioo cha bluu.

Kijana mmoja wa Mbagala alinunua kwa laki na themanini. Gemu la mpira lilikuwa linafunguka, menyu inaonekana safi, mechi ikianza tu picha inajaa mistari ya kijani na mashine inazima. Alivyorudi dukani akaambiwa, "Mdogo wangu, hilo ni joto la Dar, weka feni mbili na pesti nzuri." Akanunua. Tatizo likabaki palepale. Akarudi, safari hii akaambiwa pawasaplai ni ndogo. Alipokuja kwangu alikuwa ameshatumia hela ambayo ingemtosha kununua kadi halisi ya mtumba na chenji ikabaki.

Niliweka GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi ya grafiki, nikafungua ukurasa wa Sensors, gemu likiwa linaendelea. Joto la chipu lilikuwa nyuzi 64. Sasa 1050 Ti halisi NVIDIA wenyewe wameipa kikomo cha nyuzi 97, na kadi iliyozidiwa na joto kwa kawaida hupunguza kasi kwanza: unaona gemu linakuwa zito, feni inapiga kelele, ndipo mambo yanaharibika. Hii haikupunguza chochote. Nikawa naangalia mstari wa Memory Used ukipanda: MB 700, 850, 960. Ulipokaribia 1024, yaani GB 1, mistari ya kijani ikatokea na kila kitu kikaganda. Kadi ilifikia mwisho wa GB yake moja huku ikiwa imeidanganya Windows kwamba bado ina tatu. Hakuna feni duniani itakayotibu hilo. Nilifungua bati la kupozea, nikafuta pesti, na juu ya chipu pameandikwa GF106. Ya 1050 Ti huandikwa GP107.

Sisemi joto si tatizo. Mashine ya miaka kumi na zaidi ambayo haijawahi kufunguliwa ina vumbi kama blanketi, na pesti ya prosesa imekauka imekuwa unga. Safisha, badilisha pesti, hakikisha hewa inaingia mbele na kutoka nyuma. Lakini pima kwanza ndipo ununue. Muuzaji anayekuambia "joto" bila kukuonyesha namba ya joto anakuuzia maneno.

Jambo la hatari zaidi ni waya. Hizi Fermi zinakula zaidi ya wati 100, kwa hiyo nyingi zina tundu la pini 6, na kwa kuwa mashine haina waya huo wanakupa kiunganishi kinachotoka kwenye plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski. Plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, wakati tundu la pini 6 linaweza kuvuta hadi 75. Viunganishi hivyo huyeyuka. Kama kimo kwenye mashine yako sasa hivi, zima na ukichomoe leo, kabla hata ya kufikiria habari ya kurudishiwa hela.

Ukienda kununua, nenda na GPU-Z kwenye flashi na uombe kadi ijaribiwe mbele yako. Tangu toleo la 2.12.0 la mwaka 2018 programu hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za namna hii. Hata isipoandika, soma mwenyewe: 1050 Ti ni GP107, nanomita 14, Shaders (yaani kori) 768, na kisanduku cha Vulkan kina tiki. Ukiona nanomita 40 na 192, ondoka. Kabla hata ya kuwasha, tazama nyuma ya kadi. Ikiwa na tundu la bluu la VGA, shuku mara moja, maana chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi VGA zenyewe.

Visingizio vyao ni vilevile: umeme wa dukani haupo, ukifungua plastiki waranti inakufa, tuma nusu kwa simu mzigo upande basi la jioni. Ndugu zetu wa Mwanza na Mbeya ndio wanaoumia zaidi kwa hilo la basi, kwa sababu hawana dukani pa kurudi. Msitume hela kabla ya kuona video ya GPU-Z ikifunguliwa kwenye kadi ileile, namba ya utambulisho (serial number) kwenye stika yake ikionekana.

Uliyeshanunua, usiitupe kadi wala usiirudishe kwa ahadi ya "nitakubadilishia kesho". Piga picha ya GPU-Z, ya kadi mbele na nyuma, na ya chipu kama fundi ataifungua. Tunza risiti ya EFD, meseji za malipo na tangazo lake kabla hajalifuta. Nenda navyo kwa muuzaji ukiwa na shahidi; akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, maana kupambana na bidhaa bandia ni kazi yao, na polisi kama alikuuzia mtandaoni. Kama hukupewa risiti, meseji ya malipo yenye jina la mpokeaji bado ni ushahidi, usiifute.