MikroTik hEX kwa ofisi yenye linki mbili: ruta poa, ila feilova usiiache ilivyo

Wakuu, hii hEX ya MikroTik (RB750Gr3) nimekaa nayo muda wa kutosha kuisemea. Kiboksi kidogo tu, poti 5 za gigabiti, RAM 256MB, waifai haina, bei ya kiwandani ilikuwa haifiki dola 60, ukija madukani huku unaongeza kidogo lakini bado mkoba hauumii sana. Imefungwa kwenye zahanati moja hapa Dar, faiba ndo linki kuu, LTE (intaneti ya laini ya simu) ndo bakapu. NAT (kompyuta zote kutoka nje kwa anwani moja), faiawoli, kugawana spidi, kote huko sina neno. Maneno yanaanza kwenye feilova, yaani ruta kuhamia bakapu yenyewe linki kuu ikileta shida.

Faiba ikikatika kabisa mambo yalikuwa safi, inahamia LTE hakuna anayejua. Tatizo ni faiba ikiwa mgonjwa, haijakufa ila pakiti zinapotea. Hapo dada wa mapokezi anakupigia "kaka mtandao umekufa, mfumo wa bima haufunguki", unamwambia subiri niangalie, "ah umerudi", kabla hujakata simu "kaka umekufa tena". Ukifungua logi unaona njia kuu inaingia inatoka inaingia inatoka, na kila ikihama anwani ya nje inabadilika kwahiyo kila aliyekuwa ameingia kwenye mfumo anatupwa nje. Bora hata ingekufa moja kwa moja.

Aliyefunga mwanzo aliweka njia mbili za difolti (za trafiki yote ya kwenda nje), faiba distance 1, LTE distance 2 (namba ndogo ndo inatangulia), na check-gateway=ping. Ndo wanavyofanya wengi na sio kosa, ila elewa inavyofanya kazi. Inapiga pingi (pakiti ya kuuliza "upo?") kwa getiwei, kifaa cha mtoa huduma ambacho linki inapitia, kila sekunde 10, mara mbili mfululizo bila jibu inaitangaza imekufa. Poa. Sasa upande wa kurudi: jibu MOJA tu likija, hesabu inafutwa, getiwei nzima, trafiki yote irudi. Kufa inataka ushahidi, kufufuka inatosha mgonjwa kufumbua jicho. Linki inayopoteza pakiti hovyo itakuchezesha hivyo kutwa nzima.

Halafu getiwei yenyewe iko hapa hapa mjini kwa mtoa huduma. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini kule Afrika Kusini, Bongo karibu nzima inalia? Getiwei siku ile ilikuwa inajibu vizuri tu, yenyewe haijui habari za bahari. Ruta inayotegemea kuangalia getiwei peke yake haiwezi kuhama siku kama ile hata kama bakapu yako inapita kwingine.

Dawa ya kwanza ni njia za rikasivu, yaani unaweka 8.8.8.8/32 (anwani hiyo moja tu, ya Google) ipite faiba kwa scope=10, halafu njia ya difolti unaipa getiwei 8.8.8.8 na target-scope=11 (namba hizi mbili ndo zinairuhusu njia moja kutafuta getiwei yake kupitia nyingine). Hapo unaangalia intaneti yenyewe. Toleo la 6 la RouterOS (mfumo endeshi wa MikroTik) lilikuwa linakubali target-scope ile ya 10, la 7 halikubali, kwahiyo konfigi za kukopi za zamani zikikugomea anzia hapo. Na mtego mwingine: 8.8.8.8 umeshaifunga kwenye faiba, kompyuta zako zikiwa zinaitumia hiyo hiyo kama DNS (seva ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani), faiba ikifa feilova inafanya kazi vizuri kabisa na bado watu hawafungui kitu. Tumia anwani ambayo hakuna anayeitumia ofisini, mimi nimeweka 9.9.9.9.

Ila rikasivu bado inatumia check-gateway ile ile, jibu moja inarudi. Kilichonituliza ni Netwatch, chombo cha ndani ya ruta kinachopima anwani fulani na kuendesha skripti hali ikibadilika, na hapa ndo naipa hii ruta nyota zake, maana kwenye toleo la 7 wameongeza aina ya kipimo iitwayo icmp ambayo inatuma pakiti 10 kila raundi na kupima upotevu na ucheleweshaji. Usiiache na difolti lakini! Kiwango cha upotevu cha kuitangaza imekufa ni 85%, yaani linki inayopoteza nusu ya pakiti kwake ni nzima, nimeshusha mpaka 30. Kinyume chake wastani wa RTT (muda wa pakiti kwenda na kurudi) mwisho ni 100ms, ukipima seva iliyoko Ulaya kutoka huku 100ms unazipita hata siku njema, itakuambia imekufa wakati watu wanaangalia video bila shida. Nimepandisha 400ms.

Sasa pingi yenyewe ya Netwatch inapita wapi? Skripti yake ikizima njia ya faiba, pingi inapita LTE, inafanikiwa, Netwatch inasema imepona, inawasha faiba, inafeli, inazima... umejitengenezea kupepesuka kwako mwenyewe. Anwani ya kupimia lazima ifungwe kwenye faiba, na juu yake uongeze blackhole (njia ya kutupa pakiti) ya anwani hiyo hiyo yenye distance 20, sababu poti ya faiba ikilala ile njia ya /32 inapotea na pingi inakimbilia LTE tena. Hii ya blackhole wengi wanairuka.

Skripti yangu haizimi njia, inabadilisha distance tu, faiba ikifeli inatoka 1 kwenda 10, check-gateway nimeitoa. Ikipona inasubiri dakika 3, inasoma tena hali ya Netwatch, ikiwa bado nzima ndo inairudisha. Usihangaike na variable za global (za kushirikisha skripti tofauti) humo, Netwatch inaendesha skripti kama mtumiaji *sys, skeduli yako haitaziona.

Kilichobaki ni simu za VoIP (za kupitia intaneti). Ikihama linki zinabaki bubu, maana intafesi ya faiba haijaanguka kwahiyo ruta haifuti koneksheni za zamani, na simu zinaendelea kutuma keepalive (pakiti za kushikilia koneksheni) kwenye NAT ile ile. Ongeza mstari kwenye skripti wa kufuta koneksheni za poti 5060 (ndo ya simu hizo), pande zote mbili, kwenda na kurudi.

Vifaa 9/10, feilova ya bila kugusa 4/10, ukiifanyia hayo 8. Kama huna mtu wa kuingia WinBox (programu ya kusimamia MikroTik) na kuandika skripti, tafuta ruta nyingine.