Klachi ililoa oili, fundi akalaumu mguu wangu

Nilikuwa nimeapa kwamba sitaandika. Nimeandika na kufuta mara tatu, lakini kila nikikanyaga pedali namkumbuka yule fundi na maneno yake, basi acha niyatoe.

Gari langu ni la gia za mkono. Klachi ya kwanza ilichoka taratibu: pedali ikawa inashika juu kabisa, mguu ukiwa umeshaachia karibu wote. Mlimani nikikanyaga mafuta, injini inalia, resi inapanda, gari haliongezi mwendo, na ile harufu ya kuungua ambayo mwanzoni unadhani ni ya lori lililo mbele yako. Nikaenda gereji niliyoelekezwa na watu watatu. Niseme ukweli, siku ile walinifurahisha. Asubuhi giaboksi iko chini, jioni nakabidhiwa ufunguo, pedali laini, gia zinaingia bila kelele. Nililipia seti nzima, yaani pleti inayoshikana na injini, presha inayoibana pleti hiyo, na beringi inayosukuma presha ukikanyaga pedali. Nikawasifia kwa kila niliyekutana naye.

Hazikupita wiki nyingi. Gari likaanza kutetemeka kila nikiling'oa, mtetemo unafika hadi kwenye usukani, halafu resi zikarudia mchezo wake. Kabla ya kwenda kwao nikajipimia mwenyewe: mahali tambarare, breki ya mkono nimeivuta hadi mwisho, gia ya nne, nikaachia klachi polepole. Klachi nzima ingeizima injini palepale. Yangu ilinguruma tu kama vile hakuna gia.

Nikarudi. Fundi hakuinuka. Hakukanyaga pedali, hakuchungulia chini ya gari. Aliniangalia viatu. Viatu! Kisha akasema, "Dada, mimi nimefunga klachi mpya. Ugonjwa uko kwenye mguu wako." Vijana wake wakacheka. Nikaanza kumweleza kile kipimo cha gia ya nne, akanikatiza kwamba wanawake ndivyo tulivyo, tunaegemeza mguu kwenye klachi safari nzima.

Ile ya kwanza huenda kweli niliila mwenyewe. Nilikuwa na tabia ya kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, na kwenye foleni mguu haukutoka kwenye pedali. Angeniuliza kwa adabu ningemwambia, na tabia hiyo nimeiacha. Lakini klachi mpya, tena mimi nikiwa nimeshajirekebisha, inaishaje ndani ya wiki chache?

Fundi wa pili ni mzee asiye na maneno mengi. Akashusha giaboksi upya, akaitoa pleti, akaiweka juu ya kipande cha boksi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa. Nikapitisha kidole, kikarudi na utelezi. "Nusa, mama," akaniambia. Oili ya giaboksi ina harufu kali, inachoma pua. Hii haikuwa nayo. Ilikuwa oili ya injini, inavuja kwenye sili ya nyuma ya krenki, yaani ule mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili wa injini unapotokea, kule nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo pleti hubanwa juu yake. Akanimulikia tochi ndani ya lile ganda linalofunika klachi: michirizi ya oili imeganda pamoja na vumbi la klachi, tabaka juu ya tabaka. Haikuwa ya wiki mbili tatu. Yule wa kwanza aliiona. Giaboksi ikishatoka huwezi kusema hukuiona! Na kazi ngumu ya klachi ni hiyo hiyo ya kushusha na kupandisha giaboksi. Ukishafika pale, kufungua flaiwili na kubadili sili si kazi ya kumkimbiza mtu.

Pleti ilikuwa mpya kweli, na presha pia, hapo sitamsingizia. Ila beringi ilikuwa ile ile ya zamani! Mzee aliizungusha kwa kidole ikakwaruza kama imejaa mchanga. Nililipia mpya.

Pleti ikishalowa oili namna ile haifai tena, kwa hiyo nimenunua klachi mara mbili. Safari hii sili imebadilishwa kwanza, uso wa flaiwili ukasafishwa mpaka ukakauka, na mzee ameniambia mwanzoni niendeshe kwa upole, nisivute mzigo, pleti izoeane na flaiwili. Hadi leo gari halitetemeki.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimewapangia gereji ile ya kwanza nyota mbili kwa tano, kwa sababu ya pleti na kwa sababu walimaliza siku ile ile. Nilipofika kwenye beringi nikashusha hadi moja. Sasa nakumbuka kile kicheko, na mimi nimesimama pale na ufunguo mkononi, sina pa kuangalia. Sitoi hata hiyo moja. Mguu wangu hautoi oili.

Beringi ya zamani ninayo kwenye buti, nimeifunga kwenye gazeti. Nampelekea yule fundi wa kwanza wiki hii.