Hadithi za kutisha 21, nimezisoma Bukavu

Valancourt Books ni wachapishaji wadogo wa Richmond, Marekani. Kitabu chao cha 2020, The Valancourt Book of World Horror Stories, kina hadithi 21 zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, hata ya Flore Hazoumé wa Côte d'Ivoire. Wachapishaji wakubwa wangezipita tu.

Iliyonishika ni "Uironda" ya Mwitalia Luigi Musolino: dereva wa lori na uvumi wa njia ya ajabu ya kutoka kwenye barabara kuu. Sisi tunaosubiri ndugu wapande barabara ya mlima ya Ngomo usiku kutoka Uvira, hofu ile tunaijua mwilini. Umeme ulikatika Kadutu, nikaendelea kwa tochi ya simu.

Chache zinachelewa kuanza. Chukueni toleo la kielektroniki. La karatasi, kulisafirisha mpaka huku ni ghali mno.